Nasikia Joto Sana, Nimevaa Sweta

Jumatatu, 3 Machi

Mtafiti wa joto ameingia ofisini. Binti mdogo, miwani mikubwa, begi limejaa vipimajoto. Amebandika kimoja ukutani kila baada ya meza mbili. Hadi Alhamisi atatugawia fomu asubuhi na alasiri. Fomu ina visanduku saba, kuanzia "baridi sana" hadi "joto sana". Unatia alama unavyojisikia. Chini unaandika umevaa nini. Jina haliandikwi.

Meneja katangaza kwamba wengi wakisema baridi, kiyoyozi kitatolewa nyuzijoto kumi na tisa kipelekwe ishirini na sita. Ishirini na sita! Nje jua linakaanga. Nyumbani bati linawaka. Ni hapa tu ninapoweza kuvaa sweta alilonifumia marehemu mke wangu bila kuulizwa kama nina homa.

Adui ni mmoja: mpiga chapa wa meza ya mbele. Mimi humwita Mama Blanketi. Hujifunika magoti tangu saa mbili asubuhi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetia alama "joto sana". Meno yalikuwa yanagongana. Nikajipepea kwa faili ili watu waone. Mama Blanketi akaniuliza, shemeji, unafukuza inzi? Nikamwambia ni joto. Akasema basi sweta livuliwe, halijafungwa kufuli. Ofisi nzima ikacheka. Nikajitetea kwamba nina kifua.

Joto na kifua, kwa pumzi moja! Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Marehemu alikuwa akijua nikidanganya. Alisema masikio yangu husogea.

Jumatano, 5 Machi

Nimehesabu wanaolia baridi: kumi na mmoja. Wanaolia joto: mimi. Hata mlinzi, niliyemtegemea, leo kaja na koti.

Mchana binti alikwenda kunywa maji. Nikachukua fomu sita mezani pake. Nimezijazia chooni, juu ya goti. Zote "joto sana". Moja nimeandika kwa mkono wa kushoto. Moja nimelaza herufi. Mpango safi kabisa!

Penye nguo nikakwama. Nilitaka kuandika "shati jepesi". Kalamu ikagoma. Kuhusu joto naweza kudanganya. Kumkana marehemu siwezi. Zote sita nikaandika: "Sweta la buluu, limefumwa kwa mkono." Nikazichomeka kwenye rundo la alasiri pamoja na yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha matokeo. Binti alisema ameona jambo geni. Jumatano alasiri, watu saba wenye sweta la buluu lililofumwa kwa mkono walikuwa wanaungua, na kipimajoto kinasoma kumi na tisa. Chumba kizima kikanigeukia. Meneja akauliza, kwa upole unaoumiza, wale wenzangu sita wamekaa wapi.

Mama Blanketi alicheka hadi blanketi likaanguka.

Binti akaniambia kwa adabu, baba, fomu hizo nimezitoa kwenye hesabu. Na hata zingebaki, dawa yake isingekuwa kiyoyozi. Ingekuwa kuvua sweta.

Nyuzijoto ishirini na sita, papo hapo.

Baadaye Mama Blanketi alikuja mezani kwangu. Nikajiandaa kwa vita. Akalishika sweta begani, akasema uzi huu walikwenda kuununua pamoja, yeye na marehemu. Marehemu alitaka kijivu. Yeye ndiye aliyeshikilia buluu, akisema kijivu kitanizeesha.

Sikuwa najua. Miaka miwili nagombana na mtu aliyenichagulia rangi!

Akasema, livae tu, shemeji. Anayekerwa na aangalie pembeni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelivaa. Jasho linadondokea faili za watu. Mama Blanketi ameleta feni ndogo kutoka kwake, kaielekeza kwangu, kisha kajifunika magoti kwa sababu ya upepo wake.

Tangazo ukutani: mwezi ujao binti atarudi kupima tena.

Nimekaa nikatafakari nilipokosea. Fomu sita zilikuwa chache mno. Safari hii thelathini, kwa kalamu za rangi tofauti. Penye nguo nitaandika ukweli uleule. Uongo ukizidi, watu hushtuka.