Anwani Zangu, Ndizi za Watu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wiki hii mji wetu wa Mitunguu utanijua! Ijumaa Meneja Kaburu anachagua mkuu wa kompyuta wa ushirika wetu wa ndizi. Ni mimi au Rwamba, yule dada wa Embu. Rwamba ni moto, sikatai. Anaandika amri za Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, bila kutazama vidole! Lakini nina mpango. Laptopu yangu kuukuu nimeiwekea Linux, nikaunganisha nyaya mbili kwa daraja, data yote ya ofisi ipite humo. Kisha nikawasha DHCP, programu inayogawia kila kompyuta anwani yake. Ruta ya Rwamba, kile kifaa kinacholeta intaneti ofisini, inagawa pia. Kwani nini? Hata maji ya mfereji yana wagawaji wawili wa zamu, na hakuna aliyekufa. Nimeificha nyuma ya kreti.

Jumanne, 10 Juni
Balaa! Nusu ya kompyuta zimechukua anwani kwangu, na laptopu yangu haijui njia ya intaneti. Nilisahau kuionyesha. Mizani haitumi uzito, risiti hazitoki, lori la dereva wetu Kobia limesimama uani, ndizi zinaiva. Kobia aliuliza kama angoje ziwe pombe. Meneja akaapa kwamba aliyeharibu ataenda nyumbani leo leo. Nililaumu stima. Nikamlaumu Rwamba pia, kwa sauti ndogo.

Rwamba alivuta kiti. Aliangalia kompyuta moja imepewa anwani na nani, akafuata waya mpaka kwenye kreti. Uso haukubadilika! Akaniambia polepole, "Mutegi, zima hiyo kitu yako. Network moja, mtu wa kugawa mmoja." Nikazima. Rwamba akamwambia Meneja kulikuwa na hitilafu na imeisha. Basi! Lori likaondoka. Kazi yangu imepona, na nilikaribia kulia.

Alhamisi, 12 Juni
Rwamba amenifundisha. Daraja ni la kupitisha tu, kugawa ni kazi ya ruta. Sasa laptopu yangu inaunganisha ghala na ofisi, DHCP imezimwa. Inafanya kazi! Alinisifu mbele ya makarani. Sijala chakula cha mchana kwa furaha.

Ijumaa, 13 Juni
Rwamba ndiye mkuu. Nilipiga makofi kuliko wote, na kutoka moyoni. Mtu kama huyu anastahili zawadi. Maua yananyauka. Nimewaza sana, nikawasha DHCP tena kwenye laptopu na kuihifadhia kompyuta yake anwani ya kwanza kabisa, asipewe mwingine. Kesho malori matatu yanapakia mapema, kwa hivyo ataipokea mbele ya watu wengi.