Gilasi ya Kumi na Moja

Idara ya Uangalizi wa Jukwaa, Picha na Sura, iliyoko hapa Tunis, ghorofa ya tatu, ilitoa Tangazo Namba 212 lenye mihuri minne, mmoja wa rangi ya dhahabu. Lilisema kwamba, kwa furaha kubwa, raia wote wanaarifiwa kuwa kuanzia Jumatatu kila atakayeonekana jukwaani au kwenye filamu sharti awe mwanamume au mwanamke, aamue mwenyewe kwa hiari yake, na auwasilishe uamuzi huo dirisha namba tatu kabla ya saa nne asubuhi, nakala mbili. Aidha, onyesho lolote mbele ya watu zaidi ya kumi litahitaji kibali. Atakayekaidi hatapanda jukwaa wala kukalia kiti cha ofisi yoyote kwa miaka mitano.

Dirisha namba tatu lilikuwa la Lalla Beya.

Alikuwa amekaa dirishani hapo miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na jiko dogo la gesi chini ya meza, birika la buluu, na desturi ya kuwapa chai watu wa foleni, kwa sababu ngazi ni nyingi na lifti iliwekwa kwa ajili ya wageni rasmi ambao hawajawahi kufika. Hakuna kifungu kilichomruhusu, wala kilichomkataza. Kwa kuwa gilasi za idara zilikuwa na tabia ya kutembea, kila aliyepewa chai aliandikwa kwenye daftari: jina, saa, gilasi moja. Daftari hilo ndilo kumbukumbu pekee ya idara iliyokuwa sahihi.

Jumatatu ile wa kwanza kufika alikuwa binti mrefu, amejipaka wanja vizuri sana, amebeba bahasha kubwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Habari za asubuhi, shangazi. Naitwa Dorra. Nimetengeneza filamu ya maisha halisi. Naomba kibali cha kuionyesha Jumamosi."

"Karibu. Jaza hii."

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na manne. Iliuliza jinsia ya mwombaji jukwaani, nje ya jukwaa, na siku za sikukuu. Swali la ishirini lilitaka kujua kama ua la yasmini lililo sikioni ni la mchezaji au la mhusika. Swali la mwisho lilisema: *Eleza tofauti kati ya jinsia ya mchezaji na ya mhusika. Usizidi mistari miwili.*

Dorra aliisoma, kisha akacheka kicheko cha mtu ambaye angependa kulia lakini wanja wake bado mbichi.

"Shangazi, kitambulisho kinasema mimi ni mwanamume, jina Habib. Mimi nasema ni Dorra. Niandike uongo upi? Ule wenye mhuri?"

Lalla Beya alimtazama juu ya miwani. Aliona koti lake halina kifungo kimoja.

"Kunywa chai kwanza," alisema.

Binti alipokuwa anapuliza gilasi yake, Lalla Beya aliichukua ile fomu akaandika kwa mkono wake mzuri wa shule ya zamani: *Bi Dorra, mwanamke.* Akapuliza wino.

"Aa, ona nilivyofanya! Uzee huu. Na wino wa idara haufutiki kisheria. Sasa tutafanyaje?"

 Dorra alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Haya, nieleze filamu yako, nami niijaze na hiyo."

Filamu ilimhusu Si Hamadi, yaani Bwana Hamadi kwa desturi ya Tunis, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, ambaye kwa miaka mingi alicheza mabibi harusi, malkia na mama wakwe katika Ukumbi wa Kanari, kwa jina la Jawhara. Magauni yake yalishonwa na Si Taïeb. Onyesho likiisha walirudi pamoja nyumba moja, na wamerudi hivyo miaka arobaini na mmoja. Mtaa uliambiwa ni binamu, na mtaa ule wenye adabu ukaamini kwa sauti kubwa. Katika filamu, mbele ya kamera, Si Hamadi alikuwa amesema kwa mara ya kwanza kwamba si binamu yake, ni mwenzi wake.

"Macho yake yanaingia giza, shangazi," Dorra alisema. "Daktari anasema akifika mwisho wa kiangazi bado anaona ni bahati. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea mbele ya watu bila kuinamisha kichwa. Nataka ajione Jumamosi, palepale Kanari, kabla hajapoteza nuru."

Lalla Beya aliandika: *Haraka.* Neno hilo lilikuwa halijawahi kuandikwa katika jengo lile, kwa hiyo wakubwa walidhani ni jina la filamu.

*

Kamati ya Kutazama ilikutana Jumanne. Kulikuwa na shida ndogo, kwamba projekta ya idara iliungua balbu miaka sita iliyopita. Lakini idara ilikuwa imejipanga. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, filamu isiyoweza kutazamwa itasomwa kwa sauti kutoka kwenye maandishi yake, na sehemu zitagawanywa kwa kufuata ngazi za utumishi, mkubwa apate maneno mengi.

Mkubwa alikuwa Mwenyekiti Si Chedly, mtu mzito mwenye sharubu, ambaye tangu mwezi wa sita uingie hakosi kishada cha yasmini sikioni. Kwa haki ya cheo chake alipewa Jawhara. Si Mongi, Mjumbe wa Maadili, alipewa Si Taïeb. Madame Saloua, mwanasheria, ngazi yake ilikuwa ya chini, kwa hiyo alipewa makofi, mvua na paka.

"Naanza," alisema Si Chedly, akavaa miwani. "Jawhara anajitazama kwenye kioo. Anasema: 'Taïeb, zipu haifungi.'"

"'Acha kula keki za dada yako,'" alisoma Si Mongi bila uhai.

"'Sema vizuri. Mimi ni bibi harusi.'"

"'Wewe ni bibi harusi wa tatu wiki hii. Usitikisike, nitakuchoma sindano.'"

"'Miaka yote unaniambia nisitikisike.'"

"'Na miaka yote unatikisika.'"

"Nyau," alisema Madame Saloua.

 Si Chedly aliinua uso.

"Si Mongi, unasoma kama bili ya maji. Huyu mtu anampenda. Rudia."

"Mwenyekiti, mimi ni Mjumbe wa Maadili."

"Ndiyo, basi kuwa na maadili, soma vizuri!"

Walirudia mara nne. Mara ya nne Si Mongi alinyoosha mkono mwenyewe akavuta zipu ya hewani mgongoni kwa Mwenyekiti, taratibu, na mlinzi wa mlangoni akasema "Allah!" bila kukusudia.

Jumatano Si Chedly alikuja na mtandio wa mke wake, wa hariri, rangi ya komamanga. "Kwa ajili ya usahihi wa ukaguzi," alieleza, na katibu akaandika hivyo kwenye muhtasari. Siku hiyo ukurasa ulikuwa na wimbo wa bibi harusi: *Msinifunike uso, mama, nimtazame anayenitazama.* Mwenyekiti aliuimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mtu angetarajia kutoka kwenye mwili ule, na nzuri, jambo ambalo lilimshtua hata mwenyewe.

Watu wa foleni walisogea mlangoni. Kisha wakaingia. Walikuwamo mwuza kaki, vile vimkate vikavu vya chumvi, wanafunzi wa maigizo, bibi aliyekosea ofisi akitafuta pensheni, na Dorra, aliyesimama nyuma kabisa, mkono mdomoni. Lalla Beya hakutaka mtu asimame na kiu, akapitisha chai ya nanaa yenye njugu za msonobari, na akaandika kila gilasi.

"Juu kidogo kidevu, Si Chedly!" bibi wa pensheni alipiga kelele. "Bibi harusi hatafuti sarafu chini!"

"Asante, mama," alisema Mwenyekiti, akainua kidevu.

Mwisho walipiga makofi mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Madame Saloua alisahau kwamba makofi ni kazi yake, naye akalia. Si Mongi alimpa leso yake, kisha akaiomba, maana naye alihitaji.

Ndipo, Alhamisi asubuhi, Mwenyekiti akatoa uamuzi. Aliusoma akiwa bado na mtandio shingoni, kwa sababu alikuwa ameuzoea.

"Filamu imekataliwa. Sababu: inaonyesha mwanamume akivaa vitu vya kike, akiimba kwa sauti nyembamba, na kuwafanya watu wafurahi."

Dorra alipokea karatasi dirishani. Hakugomba. Alisema tu, "Nitamwambia nini, shangazi? Ameshapiga pasi suti."

 Lalla Beya alifungua daftari lake la chai, akalamba kidole, akahesabu. Akahesabu tena. Kisha akavua aproni, akajipangusa, akaenda kubisha mlango wa Mwenyekiti kwa adabu zote.

"Si Chedly, samahani, mwanangu. Nina jambo dogo la gilasi."

"Zimepotea?"

"La, zimerudi zote, alhamdulillahi. Ila jana zilitoka kumi na saba."

"Sawa."

"Kumi na saba ni zaidi ya kumi."

Si Chedly alianza kutabasamu, halafu tabasamu likasimama njiani.

"Onyesho lolote mbele ya watu zaidi ya kumi," Lalla Beya alikumbusha kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mjukuu koti. "Tangazo 212. Majina yameandikwa, saa pia. Mimi natakiwa kupeleka daftari wizarani kila mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni kesho."

"Lakini lile halikuwa onyesho! Lilikuwa ukaguzi!"

"Walipiga makofi, Si Chedly."

"Makofi yalikuwa sehemu ya Saloua!"

"Ya Madame Saloua nimeyatoa. Yamebaki mengi."

Madame Saloua aliitwa. Alifungua kitabu cha sheria, akakisoma kwa furaha ambayo hakujitahidi sana kuificha. Adhabu ni miaka mitano, hakuna msamaha kwa cheo. Njia ni moja tu: mwenyekiti aombe kibali cha onyesho la Jumatano, kwa tarehe ya nyuma. Lakini kibali hakitolewi kwa maandishi yaliyokataliwa.

"Kwa hiyo?" aliuliza Si Chedly, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Kwa hiyo maandishi yakubaliwe kwanza. Yote. Ukikata hata ukurasa mmoja, onyesho lako litakuwa la maandishi mengine."

Si Mongi alikohoa. "Hasa ile sehemu ya zipu isikatwe," alisema. "Kwa sababu za kisheria."

Mhuri wa kukubali ulikuwa haujatumika kwa muda mrefu hivi kwamba ilibidi uloweshwe kwenye maji moto. Lalla Beya aliutia ndani ya gilasi. Saa nane mchana, Alhamisi, filamu ikakubaliwa yote, pamoja na paka.

*

Jumamosi Ukumbi wa Kanari ulijaa. Si Hamadi alikaa safu ya kwanza ndani ya suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na Si Taïeb kando yake akimmenyea pichi, akimpa kipande kimoja kimoja mkononi bila kutazama, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Lalla Beya aliona kwamba Si Taïeb alikuwa ameshashona kifungo kwenye koti la Dorra. Hakuna aliyemwomba.

Uso wa Jawhara ulipojaa ukuta mzima, Si Hamadi aliinama mbele.

"Namwona," alisema. "Taïeb, namwona! Mbona amenenepa?"

"Keki za dada yako."

"Usitikisike basi, unanizibia."

Na kwenye ukuta, alipofika kusema kwamba huyu si binamu, watu wa mtaa wake waliokuja kwa wingi wakaanza kupiga vigelegele kabla hajamaliza, kwa sababu walikuwa wamechoka kuamini kwa sauti kubwa.

*

Jumatatu, saa tatu na nusu, Si Chedly alifika dirisha namba tatu. Kwa sababu alikuwa mwombaji wa kibali cha onyesho lake la Jumatano, alipanda ngazi na kusimama kwenye foleni kama watu. Alikuwa amejaza maswali yote isipokuwa la mwisho.

"Lalla Beya," alinong'ona. "Hapa, tofauti kati ya mchezaji na mhusika. Nimeandika, nimefuta. Nimemwamsha mke wangu. Mistari miwili haitoshi! Nani alitunga swali hili?"

"Wewe, mwanangu."

"Ah." Alitazama karatasi muda mrefu. "Sasa watu walikuwa wanajibuje?"

"Walikuwa wanakunywa chai," alisema Lalla Beya, akamsukumia gilasi.

Nyuma, bibi wa pensheni, ambaye bado hakuwa ameipata ofisi yake, alimtambua.

"Huyu si bibi harusi wetu? Tuimbie, Si Chedly! Foleni ndefu."

"Siwezi, mama. Kuna sheria."

"Ya watu zaidi ya kumi," alisema mwuza kaki. "Sisi tupo kumi. Hesabu."

Si Chedly aligeuka akahesabu, kwa kidole, mara mbili. Kweli walikuwa kumi. Alitazama korido kulia na kushoto. Kisha akatoa mfukoni mtandio wa rangi ya komamanga, ambao hakuweza kueleza ulifikaje pale, akainua kidevu, akaanza: *Msinifunike uso, mama…*

Alikuwa amefumba macho, kwa hiyo hakuona mlango wa ngazi ukifunguka. Aliingia Si Hamadi, akihema, ameshikwa mkono na Si Taïeb, amekuja kumshukuru mama wa chai. Alisimama akasikiliza, kichwa upande.

"Sauti anayo," alimwambia Si Taïeb. "Lakini mkono wa kushoto, Mungu wangu, ameubeba kama mfuko wa viazi. Huyu afundishwe."

Lalla Beya alifungua daftari, na chini ya majina kumi ya foleni akaandika la Si Hamadi, na saa. Kisha akanyanyua birika, akamimina gilasi ya kumi na moja.