Neno Chomei Lirudishwe kwa Mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti Gratien,

Natumaini hujambo na mgongo umepoa. Mimi sijambo, ila moyoni nachemka.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee hapa Quakers Hill. Mmoja wao, Profesa Morita, ndiye aliyenifundisha neno la Kijapani, chomei. Ni neno rasmi: huko kwao hutumika vitabuni na kwenye hotuba, kumsifia msomi au msanii ambaye jina lake limevuma kote. Nililileta mimi kwenye jumuiya yetu ya Waswahili wa Sydney, nikaliandika kwenye grupu la WhatsApp pamoja na maelezo. MC wetu, Arnaud, akaliokota hapo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye sherehe ya Bankstown, Arnaud alinyanyua maikrofoni akamwita mke wangu "Chomei Jerusha". Kisa? Chapati! Ukumbi mzima vigelegele, na mimi nimesimama pale nimebeba sufuria.

2. Tangu siku hiyo analigawa kama njugu. Aliyepata paking, chomei. Aliyetengeneza spika, chomei. Mtoto wa Verdiane ameacha kuvaa nepi, naye chomei! Jamani, Wajapani wakisikia tutawaambia nini?

3. Jumamosi ijayo binti yetu Jacky anaolewa. Ratiba imeshachapishwa: "Wazazi wa bibi harusi: Chomei Jerusha na familia." Ndugu Mwenyekiti, hiyo "familia" ni mimi. Baba mzazi! Mimi niliyemfundisha mtoto kuendesha gari huku nimeshikilia mlango kwa hofu. Imeniuma, sifichi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: neno hili lipigwe marufuku kwa watu wote, katiba ya jumuiya irekebishwe, Arnaud aende mwenyewe kuomba radhi kwenye ubalozi mdogo wa Japani, halafu Jumamosi nitambulishwe, peke yangu, kama Chomei Kamande, mtu asiyehitaji utambulisho, anayejulikana kuanzia Seven Hills hadi mjini.

Msalimie sana shemeji Bibiane, watoto, na wanakwaya wote, hata wale walionicheka na sufuria yangu.

Wako anayedai haki bila chuki,
Kamande

N.B. Nimeambatisha picha yangu, Arnaud asije akamtambulisha mtu mwingine. Siku hiyo nitavaa tai nyekundu. Akishindwa kabisa kunijua, mwambie ni mume wa Jerusha. Huyo hakuna asiyemjua.