Nkoma, Nchi ya Mvinyo

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Marcelo, kaka wa mke wangu, amenicheka leo mbele ya watu sokoni Bariadi. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba amekuwa wakala, na sasa hasalimii mtu bila kugusa mizani yake. Ameniuliza, shemeji, hizo zabibu zako zitapimwa lini. Nikamjibu zabibu zangu hazipimwi. Zinatembelewa!

Hajui kitu. Hajafika Dodoma. Mimi nimefika. Niliona wageni wenye kofia wakitembea kati ya mizabibu, wakionja mvinyo, wakilala kwenye majani mchana kweupe. Bila jembe. Na walilipa! Nilirudi na vipandikizi kwenye gunia, nikavipanda Nkoma, kwenye shamba la baba mkwe, Mzee Mayunga. Soko huria si la pamba peke yake.

Jumanne, 5 Septemba
Nkoma. Mzee Mayunga akaniuliza hao wageni watafanya nini. Nikasema watatembea. Akauliza wanakwenda wapi. Nikasema hawaendi popote, Baba, wanatembea tu. Akawatazama ng'ombe wake, kama anayetafuta mwenye akili wa kuzungumza naye.

Kisha akatoa neno. Jumapili, akija mtu yeyote kutembea shambani mle bila jembe, shamba ni langu. Asipokuja, Marcelo anapanda pamba. Marcelo alikuwa nyuma yake, akitabasamu kwa meno yote.

Sawa! Nimekubali. Ningekubali hata Jumamosi.

Alhamisi, 7 Septemba
Nimepogoa mizabibu yote kama walivyofanya Dodoma. Imebaki vijiti vikavu visivyo na jani. Philomena, mke wangu, amesema havina tofauti na miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Nimemwambia macho yake hayajasafiri. Amesema yameona ya kutosha tangu aolewe.

Tangazo nililobandika mjini limefunikwa na picha ya mgombea wa uchaguzi. Nikalitoa, nikalibandika juu yake. Mchana akawa juu tena. Huyu mtu ana gundi nzuri kuliko yangu.

Ijumaa, 8 Septemba
Akili! Nani anasoma matangazo? Nimekwenda kwa Sayi, manju wa ngoma, mtu ambaye akiita, kata nzima inatoka. Nimemwomba aite watu waje shambani kwangu Jumapili.

Akauliza, alfajiri? Nikasema ndiyo, kabla ya jua kali. Akauliza kama kuna kinywaji. Nikasema kipo, tena cha Dodoma. Akauliza waje na ngoma? Nikasema ngoma ndiyo hasa, wageni wanapenda ngoma. Akacheka, akanishika bega, akasema ameelewa, nisiwe na wasiwasi.

Mtu mwepesi kuelewa. Marcelo ningemweleza hadi Krismasi.

Jumapili, 10 Septemba
Naandika nikiwa na hasira.

Alfajiri nilikwenda kusimama barabarani na chupa zangu, kuwapokea wageni kutoka mjini. Hakuja hata mmoja. Nikasikia ngoma kutoka shambani. Moyo ukaruka. Wamekuja! Nikaona moshi. Nikadhani wanachoma nyama.

Walikuwa wengi, wamejipanga mstari, wanaimba, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Nyuma yao ardhi safi kama imefagiwa. Mizabibu yangu yote ilikuwa kwenye moto.

Sayi akaja mbio kunipongeza, jasho likimtiririka. Akasema, ng'wanawane, mwanangu, umechelewa kutuita, bwana shamba ameamuru miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa kabla ya katikati ya mwezi, ungepata taabu. Nikapiga kelele kwamba nilialika watu kutembea. Wakatazamana. Mama mmoja akauliza kwa upole, inawezekanaje mtu aitwe shambani alfajiri, kwa ngoma na kinywaji, halafu asilime? Huyu anadhani sisi wezi?

Wakaomba kinywaji chao. Nikafungua chupa. Wa kwanza akatema. Sayi akaonja, akasema pombe imechacha vibaya, nisihuzunike, safari ijayo mke wangu apike ya mtama.

Lakini ngoja! Marcelo alikuja. Bila jembe! Alizunguka shamba mikono mfukoni, akanywa glasi tatu, akalala kwenye majani. Kwa kanuni zote za Dodoma, huyo ni mtalii. Nimedai shamba papo hapo. Mzee Mayunga amesema Marcelo hahesabiki, huyo amekuja nyumbani kwao. Kisha akanishukuru mbele ya watu wote. Kwamba hakuwahi kuona mkwe aliyesafisha shamba vizuri namna hii, na kwamba Marcelo atapanda mara mvua za kwanza zikinyesha.

Shamba limekwenda. Philomena yuko jikoni. Anapika huku mabega yanacheka.

Jumatano, 13 Septemba
Nimepima kosa langu kwa utulivu. Kosa ni Nkoma. Watu wa Nkoma ni wakulima, hawawezi kuona udongo wakanyamaza. Mvinyo unahitaji Mwanhuzi, wilayani Meatu! Kule kukavu, watu ni wafugaji, jembe hawana habari nalo. Baba mdogo Joakim ana bustani huko, kando ya lambo lake. Kipandikizi kimoja kiliponea kwenye kopo la mafuta, nitakipanda katikati ya majani mabichi.

Nimerudi kwa Sayi aeneze habari kwa wenyeji wa kule. Nimemkataza kutaja kazi wala ngoma. Aseme tu mahali pa kupumzika. Akauliza kama maji yapo, maana kiangazi hiki Meatu yote inalia. Nikasema tele. Na majani? Nikasema mabichi, mpaka magotini. Akauliza, waje na wote walio nao, au wachache? Nikasema wote, asibaki hata mmoja nyumbani!

Akacheka, akanishika bega, akasema ameelewa.