Sakafu Inayokula Besi

Haruni Mkadam,
Ghorofani, Duka la Kassam,
Kilindoni, Mafia.

Kumb. Na. HM/MBAO/1

Kwa Ndugu Jawad Kassam,
Upanga, Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAKAFU YA MBAO INAYOKULA BESI YANGU

Mwenye nyumba wangu mpendwa,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana nayajua malezi aliyokupa mama yako: marahaba, mwanangu. Huku hatujambo, mvua imeacha. Dada yako Shabina amenisomea ujumbe wako kwamba baada ya Idi utaleta mafundi waitengeneze nyumba, na kwamba kila mpangaji aseme kinachomsumbua. Mpangaji wa juu ni mimi peke yangu, kwa hiyo leo "kila mpangaji" amekaa na kalamu.

Ili uelewe uzito wa jambo, sharti nikurudishe nyuma. Kabla sijawa karani wa bandari nilikuwa mpiga gitaa la besi wa Minazi Bendi, hapa hapa Kilindoni. Tulirekodi mara moja tu, mchana mmoja, ndani ya darasa, kwa redio kaseti ambayo mwenye akili zake aliiweka mbele ya tarumbeta. Ikatoka kanda ya nyimbo sita. Tarumbeta zinasikika, waimbaji wanasikika, hata mbuzi wa mwalimu mkuu anasikika mwishoni mwa wimbo wa pili, ila mimi sisikiki. Mke wangu Siwema ameisikiliza kanda hiyo miaka yote thelathini ya ndoa yetu, na mpaka leo anaamini nilikuwa mbeba vyombo vya wenzangu.

Mwaka huu kanda imehamishiwa kwenye flashi, nami nikajinunulia sabufa, lile boksi kubwa la kutoa besi pamoja na vispika vyake viwili vya pembeni. Nia ilikuwa moja: kabla sijafa, nijisikie. Na Siwema anisikie, afute kauli yake. Hapo ndipo nilipokutana na sakafu yako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Sakafu haina msimamo. Mbao hizi zilipigwa na mafundi wa mashua enzi za marehemu babu yako, Mungu amrehemu, nao walijenga walivyozoea: mbao ndefu, nyembamba, na chini yake uwazi mtupu hadi dari ya duka. Nikiweka sabufa chini na kupiga noti moja tu, mbao zinaitikia, uwazi unaitikia, kabati la Siwema nalo linatia neno lake. Noti ya pili inaikuta ya kwanza haijaondoka. Besi yangu, ambayo ilikuwa ya kutembea, ya vidole vyote, inatoka vuuuu moja ndefu kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mbuzi wa mwalimu mkuu. Siwema aliketi, akasikiliza kwa haki kabisa, kisha akaniuliza kama ndege imetua.

2. Dada yako. Mimi napiga muziki saa kumi alasiri, saa ya watu wenye heshima zao. Hata hivyo makopo ya maziwa ya Shabina, dukani kwake chini yangu, yanatembea kwenye rafu, na Jumanne kopo la nyanya lilimshukia begani mteja aliyefuata viberiti. Shabina, badala ya kukulalamikia wewe mwenye sakafu, ananigongea dari kwa mpini wa ufagio. Kugonga kwenyewe siko kunakoniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba hagongi kwenye mdundo.

3. Nimejaribu kujisaidia. Nilimwita Fundi Taufiki, anayejenga mashua pale ufukweni, nikamweleza kwamba sauti inazama baina ya mbao. Alipiga magoti, akaitazama mianya, akatikisa kichwa kwa huruma na kusema ni kazi ndogo. Kumbe kwake yeye, mbao mbili zikiwa na mwanya katikati, basi hicho ni chombo kinachoingiza maji. Akatia kalafati sakafu nzima, pamba kwa nyundo, ubao kwa ubao, halafu akaipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua. Siku tisa, Ndugu Jawad. Paka wa Kilindoni nzima walihamia ngazini kwetu. Siwema alihamia kwa dada yake Utende. Leo hii sakafu yako inaweza kusafiri hadi Kilwa bila kuingiza tone. Vuuuu iko pale pale, na inanuka.

4. Nimedhalilika. Nilisoma kwenye simu kwamba wataalamu wana njia yao: sabufa unaiweka juu ya kiti unachokalia siku zote, halafu wewe mwenyewe unatambaa chumba kizima kwa magoti na mikono, sikio chini, ukitafuta mahali ambapo besi inasikika safi. Ukipapata, ndipo unapoihamishia sabufa. Ni elimu kamili na ina michoro. Nilikuwa nimeshafika ubavuni mwa kabati, kanzu nimeifunga kiunoni, sabufa imekaa kitini kama mgeni rasmi, pale alipoingia Bi Mwanahalima, balozi wetu wa nyumba kumi, kuleta habari za mkutano. Anasema alipiga hodi tatu. Simkatalii, vuuuu ilizimeza zote. Kufikia magharibi mji mzima ulijua kwamba mpangaji wa Kassam amepandwa na kitu, na kwamba kitu chenyewe hukaa kitini huku yeye akikitambalia. Walikuja wazee wawili na ubani. Walikuwa wapole sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa bado sijapapata mahali.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Mama yako mzazi, Bi Jenabai, ninayemheshimu kama mama yangu, ananikagua. Tangu nilete sabufa, kila siku saa kumi anapanda ngazi zote kumi na saba na fimbo yake. Hakai kitini, ingawa Siwema humwekea kile chenye mto. Anavua kandambili, anakaa chini, mgongo ukutani, na anaweka kiganja juu ya mbao. Anakiacha hapo nyimbo zote sita. Mara nyingine anasogea ubao wa pili, anafumba macho, anapapasa. Ukifika wimbo wa tatu hutikisa kichwa. Kisha anashuka bila neno zaidi ya "haya, kesho." Sasa, sote tunajua masikio yake yalifunga kabisa baada ya ile homa ya miaka mitatu nyuma. Hata adhana ya msikiti wa mkabala haisikii, na Shabina humwandikia kwenye karatasi za kufungia sukari. Kwa hiyo hawezi kuwa anafuata muziki. Mtu asiyesikia, anayepapasa mbao za mwanawe kila siku ya Mungu, ni mkaguzi, na aliyemtuma ni wewe. Nakuambia bila kuficha: sijatoboa ubao wako hata mmoja. Ukinishuku, niulize mimi mwenyewe, usimtese mzee kwa ngazi.

Kwa hayo naomba mbao zote zing'olewe na pawekwe zege. Mafundi watakuambia kwamba kuta hizi za zamani hazibebi zege juu. Nimeliwazia hilo. Basi ghorofa lishushwe chini, nikae mimi kwenye ardhi isiyotikisika, na duka la Shabina lipandishwe juu. Wateja watapanda. Ikiwa mama yako anazipanda ngazi hizo na miaka yake themanini kasoro miwili, mnunuzi wa viberiti atashindwaje? Na kama hilo nalo ni zito, ibomoe nyumba yote uijenge upya kuizunguka sabufa, ambayo wakati wa ujenzi nitaihifadhi kwa shemeji yangu Utende. Nimechora ramani. Choo kimepungua kidogo, lakini pembe zote zimekaa kisauti.

Kuhusu mama, Shabina ameniambia pia kwamba unataka kumchukua akakae nawe Upanga, kwenye fleti mpya ya vigae, kwa sababu huku hana tena cha kumshughulisha. Naunga mkono kwa mikono miwili. Mchukue mapema, kabla ya ujenzi, apumzike na mbao zetu. Tikiti akate Shabina, mizigo nitaibeba mimi mpaka kwenye boti. Kwa maelezo ya mke wangu, kazi hiyo nina uzoefu nayo.

Nisalimie mkeo na wanao, hasa yule aliyekuja likizo akaniuliza kama sabufa ni jiko. Siwema anakusalimu. Fundi Taufiki anakusalimu na anasema sakafu ikianza kuachia usisite kumwita. Shabina anakusalimu kwa mpini wa ufagio. Mama sikumuuliza, nadhani ripoti yake ataileta mwenyewe.

Mimi ninayeitafuta noti moja safi juu ya mbao zako,

Haruni Mkadam
Karani mstaafu, mpiga besi

Nyongeza, siku ya pili yake.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nikingoja msafiri wa boti. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usimshuku mtu ukiona imekunjamana.

Jana mchana Fundi Taufiki, ambaye ile harufu ya sifa ilimkaa rohoni, alikuja bila kuitwa. Alileta bamba la zege na vipande vinne vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi la lori. Akasema amefikiri sana, akakumbuka kwamba injini ya mashua hukalishwa juu ya mpira ili isitikise mbao. Mpira ukaenda chini, bamba juu yake, sabufa juu ya bamba. Kwa papara sikungoja saa kumi, nikawasha saa tisa.

Jawad, vuuuu haikuwepo. Kila noti ilikuja peke yake, ikasalimia, ikaondoka. Makopo yalitulia na ufagio ukanyamaza. Siwema alitoka jikoni na mwiko mkononi, akausikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ulikuwemo." Maneno hayo mawili nimeyangoja miaka thelathini. Halafu ukaja wimbo wa tatu, na humo nilijisikia vizuri mno. Nachelewa. Nachelewa mdundo wimbo mzima, na miaka yote hii nimemlaumu mtu wa watu aliyeiweka redio kwenye tarumbeta.

Saa kumi mama yako akapanda. Nikarudisha wimbo wa kwanza kwa fahari, nimsahaulishe mkaguzi kazi yake. Akakaa, akaweka kiganja. Akangoja. Akasogea ubao wa pili, akasogea wa tatu, akapeleka mkono hadi ukutani na kuurudisha. Wimbo ulikuwa katikati, sauti iko juu, Siwema anacheza mabega mlangoni. Mama akaniangalia, na kwa ile sauti yake isiyojua tena kimo chake akaniuliza, "Haruni, leo hupigi?"

Nilielewa papo hapo siku zote zile alikuwa akifanya nini sakafuni kwangu, nikakumbuka niliyokuandikia juu yake katika namba tano, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Niliinua sabufa kutoka kwenye bamba, nikaiweka chini kabisa, juu ya mbao za babu yako. Vuuuu ikarudi, kabati likatia neno lake, chini kopo likaanguka na ufagio ukaanza. Mama akaweka kiganja tena.

"Haya," akasema, "sasa umekuja."

Kwa hiyo yafute yote, kuanzia namba moja hadi ramani. Mbao zisiguswe hata msumari. Bamba nimempa Shabina akalishie mtungi wa maji. Na habari ya Upanga, nilimwandikia mama kwenye karatasi ya kufungia kumuuliza kama anataka kwenda. Akataka kujua kwako chini kuna nini. Nikaandika "vigae." Akasoma, akanirudishia karatasi yangu, akasema atakuja kukuona siku tatu, za kusalimia wajukuu. Usimhamishe, Jawad. Anayo shughuli, na ni ya kila siku.

Nilimuuliza pia kwa nini hutikisa kichwa kwenye wimbo wa tatu. Akasema nachelewa. Alijua tangu siku ya kwanza, kwa kiganja tu, akanyamaza kwa kuwa alidhani ndivyo ninavyopenda. Basi leo nimelitoa gitaa langu uvunguni, nimelitia nyuzi, na kesho saa kumi nalichomeka kwenye sabufa niupige wimbo huo upya mwenyewe. Mwambie Shabina avumilie kidogo, maana zamu hii atagongewa pia kutoka juu. Mama ameahidi kunipigia fimbo sakafuni kila nitakapochelewa.