Pini Mbili na Msamaha wa Ada

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa karakana. Mashindano! Wanafunzi wa uhandisi, vikundi vya watu watatu watatu. Kila kikundi kibuni kifaa cha kuifanya karakana iwe ya gharama nafuu na ya kila mtu. Kikundi kitakachoshinda kitasamehewa ada hadi kuhitimu. Nimelisoma mara nne. Mara ya tano nilisimama mbele yake ili wengine wasilisome.

Msamaha huo lazima uwe wangu. Anayenilipia ni dada yangu, fundi cherehani. Juzi aliniambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, kwamba muhula huu ndio wa mwisho. Binti yake anaanza shule na yeye ana mikono miwili tu. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu.

Mpinzani ni mmoja: Suruali ya Pasi. Kijana wa darasa letu, hajawahi kushika grisi, lakini baba yake amemnunulia mashine inayotoa vitu vya plastiki yenyewe. Mimi nina akili.

Chini ya tangazo kuna maandishi madogo. Alama za ziada kwa kikundi kitakachomjumuisha mwanafunzi aliyeachwa nyuma. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Suruali ya Pasi si mtu wa kusoma maandishi madogo. Nikipata walioachwa nyuma wawili nikawaweka mbele ya majaji, mimi nitabaki na kazi ya kuongoza tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapata wote wawili kabla ya saa sita!

Wa kwanza ni Kamishna, binti anayetumia kiti cha magurudumu. Jina alipewa kwa jinsi anavyotoa amri. Nilimwendea kwa upole, nikainama, nikaongea polepole. Akaniuliza kama naumwa. Kisha akaanza kunisaili yeye. Hesabu napata ngapi? Kuchora najua? Kuchomelea je? Nikamjibu kwamba nguvu yangu iko kwenye uongozi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga.

Wa pili ni Mama Gia. Umri arobaini na mbili, watoto watatu, miaka kumi na minane ya kufungua gia boksi kwenye gereji kabla hajajiunga na chuo. Anakaa kiti cha nyuma kabisa na vijana humwamkia shikamoo kwa utani. Amekubali kwa sharti kwamba vikao viishe saa tisa, maana saa tisa na nusu anawafuata watoto. Akauliza nani atabeba vyuma. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kwanza. Nilifika na mchoro wa mkono wa roboti wenye taa za rangi. Kura zikapigwa. Nimeshindwa mbili kwa moja kwenye kikundi changu mwenyewe!

Kamishna alisema roboti haimsaidii kitu. Mwaka mzima hajapiga tupa, yaani hajasugua chuma, hata mara moja. Jiliwa, lile dude la kubana chuma, limefungwa kwenye meza inayomfika kidevuni. Kwa hiyo wenzake wanapiga tupa, yeye anatazama, na kwenye ripoti anaandikiwa kwamba alihudhuria. Kuna meza za kupandishwa na kushushwa, lakini zinaagizwa mbali na chuo kimesema bei haishikiki.

Mama Gia akasema basi tutengeneze letu. Bomba ndani ya bomba. Jeki kuukuu ya gari iinue, pini mbili za chuma zifunge. Vyote vipo kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji yake ya zamani, na chuo chochote kinaweza kuiga. Nikapinga. Nikasema takataka haijawahi kushinda mashindano. Wakaendelea kuchora kana kwamba nimekohoa.

Kazi yangu: kuchonga pini mbili. Kwa tupa, kwa mkono, maana mashine ya kukereza imekufa tangu mwaka jana. Mimi! Niliyefeli karakana mara mbili! Mkuu wa karakana ni Mwalimu Skwea, tunayemwita hivyo kwa sababu kile kipimo cha pembe hakimtoki mfukoni. Muhula uliopita alikigeuzageuza kipande changu cha chuma, akaniuliza kama nilikusudia kukipika.

Ijumaa, 7 Machi

Mabomba yamefika. Aliyebeba ni mimi. Bega halina hali.

Pini sijaanza, ila nimepata wazo la maana. Mlango wa karakana una bawaba tatu, na kila bawaba ina pini. Unene ni uleule tunaoutaka! Zimenyooka, zimetoka kiwandani. Mlango mmoja bawaba tatu ni anasa. Wakati wa chakula cha mchana nimechomoa mbili kwa dakika nne. Mama Gia alizitazama, akasema zimechongwa vizuri ajabu. Nikamwambia ni kipaji.

Saa nane Mwalimu Skwea akafungua mlango. Mlango ulikuja wote. Nilimkuta amesimama kizingitini ameukumbatia, hajui autue wapi. Hakupiga kelele. Aliuliza taratibu nani ana pini zake, na Kamishna akanitazama, nami nikatazama dari.

Nimeufunga upya mlango huku mwalimu ameushikilia upande wa pili, tumekaribiana pua kwa pua. Mama Gia naye hakunigombeza. Alisema tu kwamba kule gereji alikuwa anatengeneza gari, halafu mteja anamshukuru mwanamume yeyote aliyesimama karibu, na hakuja chuo ili jambo hilo limfuate huku. Anataka cheti chenye jina lake juu ya kazi yake. Nimejisikia vibaya hadi kwenye saa kumi hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechungulia dirisha la Suruali ya Pasi. Naye ametengeneza jiliwa, ila lake ni la plastiki nyeupe, lina skrini, na linaongea! Linasema karibu. Nimekwisha.

Nimemwandikia Mwalimu Skwea barua isiyo na jina. Nimemwarifu kwamba kikundi fulani kina vijana watatu ambao maishani mwao hawajaachwa nyuma hata na basi. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi yake. Hakuna aliyeniona. Kazi safi.

Saa tano akaniita. Barua iko mezani. Akaigeuza. Nyuma yake ulikuwa mchoro wangu wa muhula uliopita, una jina langu na alama zangu, kumi na moja kwa mia. Barua yenyewe alikuwa ameshaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Akaniambia stoo kuna tupa za kutosha, na kwamba kuanzia leo nitapiga tupa chini ya macho ya Mama Gia. Nisipofanya hivyo, atakitoa kikundi chetu mashindanoni. Nilimwona Dada mbele ya macho yangu, ameinamia cherehani. Nikasema ndiyo mwalimu.

Jumatano, 12 Machi

Tupa. Siku ya tatu. Mama Gia anasema napiga tupa kama mtu anayefukuza nzi. Akasimama nyuma yangu akanishika viwiko. Sukuma, inua, rudi. Akaniambia, mwanangu, hiyo tupa haili ikirudi nyuma, inakula ikienda mbele, sasa unaiburuza kurudi kwa nini? Nilimjibu kwamba nadharia naijua. Akasema chuma hakijui kama unajua.

Kamishna ndiye mpimaji. Anakaa na kalipa, kile kipimo cha unene, mkononi kama hakimu. Pini ya kwanza, nyembamba. Ya pili, nene upande mmoja. Ya tatu hakuipima, aliitupa kwenye ndoo, akasema ameshasikia mlio wake. Viganja vina malengelenge matano. Nilipomwonyesha Dada, aliniuliza nimeanza kufanya kazi tangu lini.

Alhamisi, 13 Machi

Pini ya kumi na moja imeingia! Imepita kwenye tundu ikakaa kimya, haichezi, haikwami. Kamishna akapima. Akapima tena. Akasema haya. Neno hilo moja tu, nami nilifurahi mno hadi nikatoka nje nikalizunguka jengo zima. Ya kumi na mbili nayo ikaingia. Jiliwa linapanda, linashuka, linafunga.

Jioni nimejaza fomu ya mashindano. Kiongozi na mbunifu mkuu: mimi. Walioachwa nyuma: Kamishna na Mama Gia. Nimempa Kamishna aifikishe ofisini. Ndiyo amri ya kwanza niliyowahi kumpa na ameipokea bila maneno. Uongozi umeanza kuonekana.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Suruali ya Pasi alitangulia. Jiliwa lake lilisema karibu, likabana chuma, na alipopiga tupa mara ya tatu likakatika huku bado linakaribisha watu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo.

Kisha sisi. Kamishna alisogea, Mama Gia akaachia jeki, jiliwa likashuka hadi usawa wa kifua chake. Zile pini zikaingia. Kamishna akashika tupa. Siku zote yeye ndiye anayetazama wenzake, leo ukumbi mzima unamtazama yeye. Unga wa chuma ulimdondokea magotini na hakuupangusa. Alipiga tupa muda mrefu kuliko tulivyopangiwa na hakuna jaji aliyemkatisha. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa shajara ni yangu.

Jaji mkuu, mama mmoja mhandisi, akauliza ni yupi katika kikundi chetu aliyeachwa nyuma. Nikanyanyuka. Nikanyoosha mkono kuwaonyesha wenzangu. Jaji akatazama fomu, akasoma jina langu.

Haikuwa fomu yangu! Kamishna alikuwa ameandika nyingine. Jaji aliisoma yote kwa sauti. Kwamba mwenzetu huyu amefeli karakana mara mbili, hakujua kushika tupa, na hakuna kikundi ambacho kingemchukua. Kwamba tumemfundisha, na pini zote mbili ni kazi ya mikono yake. Kuhusu wao wawili fomu ilisema hawakuachwa nyuma na mtu, ila meza zilitengenezwa bila kuwauliza. Jaji akaomba kuona pini. Zikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mwalimu Skwea, akazipima zote mbili kwa skwea yake, akatikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi. Mimi mkono bado nimeunyoosha.

Tumeshinda. Mama Gia alikaa chini sakafuni akafunika uso kwa ovaroli. Msamaha wangu tu ndio una sharti, kwa kuwa nimefeli karakana mara mbili: Jumanne nimpelekee Mwalimu Skwea kipande cha chuma, mraba pande zote sita, milimita hamsini kila upande. Nikishindwa, unafutwa.

Nilimweleza Dada. Alisimamisha cherehani. Sijawahi kumwona akisimamisha cherehani mchana. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema hajui niliwafanyia nini wale wawili hadi wakanivumilia, lakini niwashike hapohapo.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Gia alijitolea kunisimamia Jumamosi yote. Nimemkatalia kwa heshima. Nimepata wazo.

Mezani kwa Mwalimu Skwea kuna kipande cha chuma cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Kazi ya mwanafunzi fulani wa miaka ya nyuma. Mraba safi, hamsini kwa hamsini! Saa nne alipokwenda kunywa chai nimekichukua, nikaweka jiwe mahali pake.

Tatizo dogo. Chini kimegongwa namba ya mwanafunzi aliyekichonga. Nikapiga tupa kidogo, namba ikatoka. Upande ukapinda. Nikaunyoosha, wa pili nao ukawa haulingani, nikaufuata huo. Kufikia saa tisa nilikuwa nimepiga tupa pande zote sita, mara tatu tatu. Jasho hadi kwenye soksi. Sijafanya kazi namna ile tangu nizaliwe. Mama Gia alipita akienda kuwafuata watoto, akasimama akanitazama kwa muda. Akasema viwiko vimekaa sawa na kwamba ananionea fahari. Nilikosa pa kuweka uso.

Nimekipima mara kumi. Ni mraba kamili, hakuna pembe inayopitisha mwanga. Kila upande milimita arobaini na nane.

Zinatakiwa hamsini. Muda wa kuanza kipande kingine bado upo, Kamishna amesema yuko karakana hadi saa kumi na moja na kalipa anayo. Nimemwambia asihangaike. Kalipa ya Mwalimu Skwea, ile atakayonipimia kesho, hukaa kwenye droo ya kushoto, na nimeona leo kwamba droo ile haina kufuli.