Masharubu na Nafasi ya Nne

Jumatano, 18 Desemba

Nimeapa. Mbele ya watu wanane, saluni kwa kinyozi Wenceslao: msimu wa kawaida ukiisha Jumamosi bila Mamba, timu yangu ya besiboli, kuwa wa nne, masharubu yangu yanyolewe pale pale. Masharubu ya miaka ishirini na sita! Mke wangu Nereida husema aliolewa na hayo. Mimi nilifuatana nayo tu.

Kosa ni la Wenceslao. Shabiki wa Nyuki, wapinzani wetu, halafu anashika wembe. Alisema Mamba ni timu ya kufungua msimu, si ya kuufunga. Nikawaka.

Sina wasiwasi lakini. Timu nne zinaingia raundi ya pili. Mamba ni wa nne, Nyuki wa tano, tumewazidi ushindi mmoja, na kila timu imebakiza mechi mbili. Nimepiga hesabu mara tatu kwenye mfuko wa sukari. Haiwezekani tukakosa.

Ijumaa, 20 Desemba

Inawezekana. Jana Mamba wamepigwa tisa kwa moja, Nyuki wameshinda. Tumelingana, na imebaki mechi moja moja.

Mpango: ugonjwa. Mgonjwa hanyolewi! Nikajifunga kitambaa shavuni, nikalia jino. Nereida, kwa huruma yake, akanishika mkono hadi kwa binamu yake, daktari wa meno. Ilibidi nionyeshe jino, nikaonyesha lolote. Binamu ana mkono mwepesi mno. Jino alilong'oa lilikuwa zima kabisa.

Mchana Wenceslao kaja na supu. Kaniangalia kwa upole, kaniambia, “Pole, kaka. Bahati nzuri mdomo wa juu haujavimba. Wembe utapita vizuri tu.”

Sikati tamaa. Supu nimekunywa.

Jumamosi, 21 Desemba

Wote wameshinda! Bado tumelingana! Kanuni ya ligi inajulikana: timu zikilingana, mechi ya ziada, Jumatatu. Nimekimbia hadi saluni nikijua nimepona.

Wenceslao alikuwa ameshatia wembe makali. Kiapo kilisema Jumamosi, akasema, na leo ni Jumamosi. Nikamwambia leo Mamba ni wa nne. Akasema Nyuki nao ni wa nne, kwa hiyo Mamba ni wa tano pia. Mzee Fidencio, muuza bahati nasibu, akataka zihesabiwe mechi za wenyewe kwa wenyewe. Zikahesabiwa: tano kwa tano. Mwingine akadai tofauti ya pointi. Mwingine akasema pointi za Oktoba zisihesabiwe, kulikuwa na mvua. Saa mbili za kelele, na kuna mteja alikaa muda wote huo na povu kidevuni.

Hapo nikatoa hoja ya kuwanyamazisha, ya kipuuzi kiasi kwamba hakuna mwenye akili angeikubali. Kama nafasi ni nusu kwa nusu, nikapayuka, basi nyoeni nusu!

Wakapiga kura. Mwenye kupinga nilikuwa peke yangu.

Upande wa kushoto umekwenda.

Jumatatu, 23 Desemba

MAMBA! Nne kwa tatu! Nyuki nje! Nimelia mbele ya watu na sijali.

Wenceslao, nisimnyime haki yake, alinipa mkono. “Hongera, kaka. Masharubu yako yamepona.” Kisha akajitolea kuninyolea nusu iliyobaki, bure, angalau nipate sura ya mtu. Nimeuona mtego! Atakayeniona na mdomo mtupu atasema Mamba walikosa. Hainyolewi.

Nereida kanisihi ninyoe, kwa ajili yake tu, maana kesho baba yake anakuja kula chakula cha mkesha wa Noeli kwetu. Hakucheka wala hakugomba. Iliniuma. Lakini mimi nilishinda! Aliyeshinda hanyoi.

Jumanne, 24 Desemba

Nguruwe wa kuchoma, wali wa mbaazi, picha ya familia. Nereida kanigeuza upande wenye masharubu.

Baba mkwe, Don Anselmo kama tunavyomwita kwa heshima, ana miaka sabini na tisa na masharubu meupe yaliyopakwa mafuta, ncha zimesokotwa juu. Hata marehemu mama mkwe hakuruhusiwa kuyagusa. Alinitazama chakula chote, mwishoni akauliza, “Mkwe, mwenzake kaenda wapi?”

Nikamweleza kanuni. Hakuelewa.

Baadaye Wenceslao kapita mlangoni kutoa heri ya Noeli. Eti raundi ya pili Mamba watashika mkia. Nikawaka. Nikaapa watafika fainali! Akaniangalia usoni, akauliza nitaapa kwa kitu gani tena, kumebaki nini hapo.

Safari hii nimetumia akili. Sikuapa kwa kitu changu hata kimoja. Nimeapa kwa masharubu ya Don Anselmo, yote mawili, kushoto na kulia, na tumepeana mikono.

Mzee bado sijamwambia. Yuko barazani anakunywa kahawa, anayasokota.